Nyuma ya Mzimu Kuna Mkono wa Mtu

Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi aliyachukua mapango, visima na hofu za kwao, akaziandikia riwaya za upelelezi. Je, mama wa Kikristo wa Kaloleni ana la kujifunza humo?

Kila ukoo una mahali pake pa giza. Kwa mmoja ni mti mkubwa ambao wazee walikataza usikatwe. Kwa mwingine ni pango, au kisima kilichoachwa, au njia ya mtoni ambayo hapiti mtu peke yake jua likishatua. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunayo ya kwetu: msitu wa juu unaofunikwa na ukungu, Ziwa Duluti lililotulia ndani ya kinywa cha volkano ya kale, makaburi ya zamani kando ya migomba. Watoto wetu huyasikia hayo kwa bibi zao wakati wa likizo, kisha hurudi Kaloleni na kuomba taa isizimwe.

Mama mwenye busara afanye nini na giza hilo? Wapo wanaolicheka, na mtoto akabaki na hofu yake bila mtu wa kumweleza. Wapo wanaolikuza, kwa kuwa mtoto mwenye hofu hutii upesi. Lakini yuko mwandishi mmoja wa nchi yetu aliyeifuata njia ya tatu. Aliliingia giza la kwao akiwa na taa mkononi, akamwonyesha msomaji kila kilichomo. Mwandishi huyo ni Muhammed Said Abdulla, na mpelelezi wake, Bwana Msa mvuta kiko, amejulikana na wasomaji wa Kiswahili kwa zaidi ya miaka 60.

MTOTO WA MAKUNDUCHI

Muhammed Said Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Ukitaka kuzielewa riwaya zake, anza na mahali hapo.

Makunduchi ni nchi ya mawe ya matumbawe. Chini ya vichaka vyake kuna mapango mengi, na baadhi yake tangu zamani ni mizimu, yaani mahali ambapo watu huamini kwamba roho za wahenga zinakaa. Hupelekwa huko ubani, marashi, vipande vya nguo na sarafu. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani, au mwenye safari ya bahari, huenda kuomba. Mtoto hukatazwa kwenda hapo kucheza, wala kuvunja tawi, wala kupiga mluzi.

Makunduchi pia ni kijiji cha Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Washirazi ambayo huadhimishwa Julai. Wanaume hupigana kwa mabua ya migomba ili magomvi ya mwaka uliopita yaishie hapo uwanjani. Wanawake huvaa nguo zao nzuri na kuimba. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto huku mtu yumo ndani, naye hukimbia akaokoka, na mabaya ya mwaka wa zamani huhesabiwa kuwa yameteketea. Si mbali na hapo, Kizimkazi, kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, miongoni mwa majengo ya kale kabisa ya pwani yetu.

Mtoto aliyekulia katika nchi ya namna hiyo hana haja ya kutafuta mandhari ya kutisha kutoka mbali. Pango liko nyuma ya nyumba, kisima kiko njiani, na kila kimoja kina habari yake inayosimuliwa usiku. Huo ndio urithi aliopewa Abdulla bila kuuomba. Wengi hupewa urithi kama huo, na wengi huuacha uende na wazee.

MIAKA KUMI YA BWANA AFYA

Mwaka 1938, baada ya kumaliza masomo, Abdulla aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya ya serikali ya kikoloni, kazi ambayo watu wetu humwita mwenye nayo Bwana Afya. Aliifanya kwa muda wa miaka kumi. Baadaye, mwaka 1948, akaingia katika uandishi wa magazeti. Alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kuanzia 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alihariri Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo.

Tusiipite haraka kazi ile ya kwanza. Bwana Afya ni mtu wa namna gani? Ni mtu anayebisha hodi na kupita sebuleni mpaka uani. Hainamii kisima kusikiliza kama mna jini; huinama kutazama kama maji ni safi. Akisikia kwamba nyumba fulani ina mkosi kwa kuwa watoto watatu wamekufa humo, yeye huuliza choo kiko umbali gani kutoka kisimani. Huingia mahali ambapo wengine wanaogopa, na hutoka na sababu.

Si vigumu kuona jinsi mtu wa kazi hiyo alivyoweza kumzaa Bwana Msa. Hata katika nchi za mbali jambo hilo limetokea. Arthur Conan Doyle wa Uingereza, aliyemtunga Sherlock Holmes mwaka 1887, alikuwa daktari. Mtu aliyezoea kutafuta chanzo cha ugonjwa huweza pia kutafuta chanzo cha uovu. Kazi zote mbili zinataka macho yasiyokimbia na moyo usiokubali neno “ndivyo ilivyo tu.”

MZIMU UNASHITAKIWA BURE

Mwaka 1957 na 1958 Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki iliendesha mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili. Abdulla alipata tuzo ya kwanza, na hadithi yake ikatoka kuwa kitabu mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale.

Jambo lenyewe ni hili: mtu tajiri, mwenye mashamba, anakutwa ameuawa mahali pa mzimu. Watu wa kijiji hawana haja ya kuuliza. Mahali ni pa mzimu, basi mzimu umeua. Labda marehemu aliudharau, labda kuna mwiko alioukanyaga. Jibu limepatikana kabla swali halijaulizwa, na mwuaji wa kweli angeweza kulala usingizi wake kwa raha mpaka mwisho wa maisha.

Ndipo anakuja Bwana Msa pamoja na rafiki yake Najum. Yeye hawatukani wanakijiji wala hawachekei wazee. Anatazama, anauliza, anavuta kiko chake, anafikiri. Anajua kwamba roho za wahenga hazina sababu ya kutaka shamba la mtu. Wanaotaka mashamba ni watu. Polepole mzimu unaondolewa lawama, na mkono wa mwanadamu unaonekana.

Hapo ndipo ulipo ustadi wa mwandishi huyu, na ndipo pia mama anapoweza kupata fundisho. Abdulla hakuliondoa pango katika hadithi ili aonekane mtu wa kisasa. Aliliacha na giza lake lote, na msomaji anaona baridi mgongoni kama alivyoona yule mtoto wa Makunduchi. Lakini hofu hiyo haikupewa neno la mwisho.

Alifanya hivyo tena mwaka 1968 katika Kisima cha Giningi. Giningi, katika imani za watu wa Zanzibar, ni mji usioonekana wa wachawi na mizuka. Kutaja jina hilo peke yake kunatosha kumnyamazisha mtoto mkaidi. Abdulla alilichukua jina zito namna hiyo akaliweka juu ya kisima, halafu akamtuma Bwana Msa akachungulie. Vikafuata Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mwandishi alifariki mwaka 1991, lakini vitabu vyake vilikuwa vimekwisha kusomwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki, na vimechapwa mara nyingi.

GIZA LA SEBULENI

Anayezisoma riwaya hizi kwa makini hugundua kwamba pango ni mlango tu. Giza lenyewe liko nyumbani.

Bwana Msa akishaanza kuuliza, maswali yake humpeleka kwenye mambo ya jamaa: mirathi iliyogawanywa kwa hila, ndoa iliyofichwa, mtoto ambaye hakuambiwa asili yake, mapenzi ya ujanani ambayo watu wazima walidhani yamesahaulika. Jina la kitabu kama Mke Mmoja Waume Watatu linatosha kukuonyesha kwamba mwandishi alijua siri za watu zinakaa wapi. Hazikai kwenye mibuyu. Zinakaa katika sanduku la nguo, katika barua ya zamani, katika ukimya wa mama na mtoto wake.

Sisi akina mama tunalijua jambo hili kuliko wapelelezi wote. Tunajua mke wa marehemu huogopa nini siku ya kumaliza matanga, wakati ndugu za mume wanapoanza kuhesabu vitu. Tunajua jinsi shamba la kahawa lenye hatua chache linavyoweza kuwagawa watoto wa tumbo moja. Tunajua nyumba ambazo ndani yake kuna jambo lisilotajwa, na kila mtoto amejifunza kupita pembeni yake. Lisilotajwa halifi. Hukua gizani, na siku moja hudai malipo.

Kwa hiyo tusidhani kwamba riwaya ya upelelezi ni habari za damu tu. Iliyoandikwa vizuri ni habari ya nyumba ambayo ukweli haukusemwa kwa wakati wake. Mauaji ni tunda. Mti wake ulipandwa zamani, pengine kwa uongo mdogo uliosemwa kwa ajili ya kuilinda heshima.

KIKO CHA UGENINI, PANGO LA NYUMBANI

Wasomaji wengi wamesema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes wa Waswahili. Ni kweli kwamba wanafanana: kiko, rafiki anayefuatana naye, akili inayoona alama ndogo. Hata habari ya mzimu unaosingiziwa ina ndugu yake Uingereza. Mwaka 1902 Conan Doyle alitoa kitabu kuhusu mbwa wa kutisha ambaye ukoo wa Baskerville uliamini kuwa ni laana yao ya kale. Nyuma ya mbwa yule palikuwa na mtu aliyetaka urithi.

Lakini kuazima kiko si kuazima nyumba. Conan Doyle alitumia nyika yenye ukungu na matope ya kwao. Abdulla akatumia mapango na visima vya kwao. Lugha yake ni Kiswahili cha Unguja chenye methali na mafumbo, na watu wake huongea kama watu wanavyoongea barazani. Mgeni alimpa chombo, na kwao wakampa cha kupika.

Wengine waliomfuata walichota giza kwingine. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alituletea polisi na mji. Elvis Musiba alimtunga Willy Gamba, jasusi wa Kiafrika, na wakati huo mapambano ya ukombozi wa kusini mwa Afrika yalikuwa yanapamba moto. Ben Mtobwa alimtunga Joram Kiango, na mitaa ya Dar es Salaam usiku ikawa pango lake. Vijana wengi wa miaka ya 1970 na 1980 walijifunza kupenda kusoma kwa vitabu hivyo, ingawa wazazi wengine walivificha kwa sababu ya pombe na wanawake waliojaa katika baadhi yake. Ukivilinganisha, utaona kwamba Abdulla ndiye aliyeshika zaidi urithi wa wazee, na ndiye ambaye mama anaweza kumweka mezani bila wasiwasi mwingi.

MPELELEZI WA BABELI

Huenda mama mwingine anauliza: Je, inafaa Mkristo kujaza kichwa mambo ya mauaji na mizimu? Swali ni zuri, na tulijibu kwa Maandiko.

Biblia haikuficha uovu wa watu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 4, kaka anamwua mdogo wake shambani na kujifanya hajui alipo, na Mungu mwenyewe ndiye anayeuliza swali la kwanza. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, Nabothi anauawa kwa hila kwa ajili ya shamba lake la mizabibu. Kuna barua, kuna mhuri wa mfalme, kuna mashahidi wa uongo waliokodiwa. Eliya anafika na kuufunua mpango wote.

Wanaotumia Biblia yenye vitabu vya Deuterokanoni wanayo habari nyingine katika Danieli sura ya 14, ambayo ingeweza kuandikwa na Abdulla mwenyewe. Watu wa Babeli walikuwa na sanamu iitwayo Beli. Kila siku iliandaliwa unga, kondoo na divai, na kila asubuhi chakula kilikuwa kimekwisha. Mfalme akaamini kwamba Beli ni hai kwa kuwa anakula. Danieli hakubishana sana. Usiku aliagiza majivu yanyunyizwe sakafuni, mlango ukafungwa na kutiwa mhuri. Asubuhi chakula hakipo, lakini juu ya majivu kuna nyayo: za wanaume, za wanawake, za watoto. Makuhani na jamaa zao walikuwa wakiingia kwa mlango wa siri chini ya meza. Sanamu haikuwa na njaa. Wenye njaa walikuwa walinzi wake.

Majivu yale ni alama ya mpelelezi kwa maelfu ya miaka kabla ya Bwana Msa. Imani ya Danieli kwa Mungu wa kweli ndiyo iliyompa ujasiri wa kuichunguza ile sanamu. Aliyemwogopa Mungu hakumwogopa Beli.

MAJINA YANAPOTAJWA BURE

Haya si mambo ya kupitisha wakati tu. Katika nchi yetu, watu wamekufa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunyunyiza majivu.

Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilienea Pemba na Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, wakikesha kuzunguka moto. Katika hofu hiyo mtu mmoja mgonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye popobawa, na watu wakamwua. Hakuwa na mabawa wala kucha. Alikuwa mtoto wa mtu aliyehitaji matibabu.

Kanda ya ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ushahidi uliotajwa ni macho mekundu. Mama, wewe unajua macho hayo yanatoka wapi. Yanatoka kwenye moshi wa kuni na wa samadi kavu, kwa mwanamke aliyepikia watoto na wajukuu miaka 50. Watu waligeuza alama ya kazi yake kuwa hatia yake. Na ukitazama nyuma ya kesi nyingi za namna hiyo, utakuta shamba, au mjane asiyekuwa na mtu wa kumtetea.

Tangu kati ya miaka ya 2000, nchi ilitikiswa pia na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa kienyeji kwa sababu hiyo. Waliosema viungo vya wanadamu huleta utajiri hawakuwa mizimu. Walikuwa watu wenye bei ya kutaja na mkono wa kupokea.

Kaloleni yetu ni mtaa wa watu wengi waliotoka pande mbalimbali: Wachaga, Wapare, Warangi, Wameru, Waarusha, Wairaki na wengine. Nyumba moja ina wapangaji wa vyumba sita na bomba moja la maji. Katika maisha ya namna hiyo, mtoto akiugua ghafla au biashara ikianguka, jina la mtu hutajwa upesi. Mara nyingi ni jina la mama mzee wa chumba cha mwisho, asiye na mume wala mtoto wa kumtembelea. Neno hilo likianza kisimani asubuhi, jioni limefika sokoni. Ni wanawake tunaolibeba, na ni wanawake tunaoweza kuliangusha.

GIZA LETU CHINI YA MERU

Kama Muhammed Said Abdulla angezaliwa upande wetu huu, angeandika nini? Hangekosa mahali pa kuanzia.

Angeweza kwenda Akeri. Hapo, Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pamoja na Wachaga waliofuatana nao, siku chache tu baada ya kufika. Serikali ya Wajerumani ililipiza kisasi kikali. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi, Mangi Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na Arusha. Hata hivyo wamisionari walirudi, na mwaka 1902 kituo cha Nkoaranga kikaanzishwa. Wajukuu wa pande zote mbili leo wanaimba katika kanisa moja. Hapo pana damu, pana hofu ya wageni, pana kisasi, na pana msamaha. Mwandishi atake nini tena?

Angeweza pia kusimama mbele ya Boma la Wajerumani mjini Arusha, ambalo sasa ni makumbusho, akauliza mawe yale yalibebwa na nani. Na hapa hapa Kaloleni, jirani na mnara wa Mwenge, kuna ukumbi ambamo viongozi wa TANU walikutana Januari 1967 na kupitisha Azimio la Arusha. Tangu 1977 ni makumbusho. Watoto wetu wengi hupita mlangoni kila siku bila kuingia.

Visiwani nako kuna mfano wa jinsi giza linavyogeuzwa. Mangapwani, kaskazini mwa mji wa Zanzibar, kipo chumba kilichochimbwa chini ya ardhi ili kufichia watumwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873. Hakuna mzimu uliochimba shimo lile. Na mjini, Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa, Askofu Edward Steere alijenga kanisa kuu. Hakwenda kujenga mbali na aibu ile. Alijenga juu yake, watu wakaabudu mahali walipouzwa wenzao.

Pango la Kuumbi, huko Jambiani, si mbali na Makunduchi, nalo lina fundisho. Watu bado hulihesabu kuwa mahali pa mizimu. Wachunguzi wa mambo ya kale walipochimba ndani yake, walikuta mabaki ya watu walioishi humo maelfu ya miaka iliyopita: mifupa ya wanyama waliowala, zana walizotumia. Mahali pa kutisha palikuwa jiko la mtu.

VITABU HIVI NYUMBANI MWAKO

Mama anayetaka kutumia riwaya za upelelezi katika malezi anaweza kufuata mambo haya machache.

1. Soma wewe kwanza. Usimpe mtoto kitabu kwa kutazama jalada. Vingine havifai hata kwa baba yake. Riwaya za Bwana Msa zinawafaa vijana wa sekondari; watoto wadogo waachiwe hadithi za sungura na fisi.

2. Someni pamoja, sura moja kwa jioni. Baba naye aalikwe. Kila mmoja aseme anamshuku nani, na kwa sababu gani. Mtoto ajifunze kwamba kushuku si kujua.

3. Uliza swali la mirathi. Nani angefaidika na kifo hiki? Kisha mzungumze kwa upole kuhusu mali ya nyumba yenu. Je, kuna wosia? Je, watoto wanajua mipaka ya shamba? Mazungumzo hayo, yakifanywa wakati wa amani, yanaweza kuzuia msiba.

4. Waulize wazee. Mpeleke mtoto kwa bibi, siyo apate hofu, bali apate habari. Bibi aeleze mti ule ulikatazwa kwa nini. Mara nyingi utakuta ndipo palipokuwa na chemchemi, au palizikwa watu wa njaa fulani au tauni fulani. Mwiko ulikuwa ukilinda kitu. Andikeni habari hizo katika daftari la nyumbani, pamoja na majina.

5. Ombeni kabla ya kulala. Mtoto aliyesoma habari za giza anahitaji kukumbushwa kwamba Mungu hasinzii. Usimwambie kwamba uovu haupo. Mwambie kwamba upo, na kwamba hauna mamlaka ya mwisho.

ULIZA KAMA DANIELI

Katika Danieli sura ya 13 yumo mwanamke aitwaye Susana. Wazee wawili wenye heshima walimshtaki kwa uongo, na umati wote ukawaamini kwa sababu ya mvi zao. Alikuwa akipelekwa kuuawa. Danieli, kijana tu, akasimama, akawatenganisha wale wazee, akamwuliza kila mmoja swali moja: Ulimwona chini ya mti gani? Wakataja miti miwili tofauti. Mwanamke akaokoka.

Ilihitajika sauti moja na swali moja. Siku utakaposikia bombani jina la mwanamke mzee wa chumba cha mwisho likitajwa pamoja na ugonjwa wa mtoto wa mtu, usinyamaze na ndoo yako. Uliza: Nani ameona? Saa ngapi? Mtoto amepelekwa hospitali? Kisha, jioni hiyo hiyo, funga kanga yako, chukua sahani ya chakula, umbishie hodi mama yule.